Reli ya Kusini: Miaka 13 ya Garimoshi kati ya Bahari na Nachingwea

Reli ya Kusini haikufika utu uzima. Mwaka 1949 magarimoshi yalianza kutoka Mkwaya, kwenye hori ya mto Lukuledi upande wa ndani ya mji wa Lindi, yakikata pori kwenda Nachingwea. Mwaka 1962 njia nzima ilifungwa. Katikati ya miaka hiyo 13 bandari ya Mtwara ilijengwa, mji wa Nachingwea ukazaliwa porini, makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahama Lindi kwenda Mtwara, na maelfu ya watu wa kwetu wakajua kukata tiketi, kupanda behewa na kusikia honi ya asubuhi. Leo kijana wa Nachingwea akisimuliwa kwamba treni ilikuwa ikifika mjini kwao, hudhani mzee anapiga chuku. Ndiyo maana habari hii inafaa kuandikwa na kusomwa, maana katika historia ya reli za nchi hii kusini hupewa aya moja tu, tena ya kusindikizia habari za mradi wa karanga wa Waingereza.

Mwenye reli hiyo kisheria alikuwa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa Mei 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Tangu siku ya kwanza, basi, reli ya Lindi na Mtwara iliendeshwa kutoka mbali, na haikuungana na reli nyingine yoyote. Mtu wa Masasi hakuweza kupanda treni akafika Dar es Salaam. Injini, mabehewa, mataruma, hata misumari, vyote vililetwa kwa meli.

Lakini kusini ilikuwa imeingojea reli muda mrefu kabla ya karanga, na ili kuelewa kungoja huko inabidi kutazama kwanza wenzetu walipata reli kwa sababu gani.

Zama zile reli zilipokuwa bado mpya duniani, ziko zilizojengwa kwa ajili ya mapumziko tu. Kule Uswisi, tarehe 21 Mei 1871, garimoshi la meno la mhandisi Niklaus Riggenbach lilianza kupanda mlima Rigi kutoka kijiji cha Vitznau. Shehena yake ilikuwa watu waliokwenda kutazama jua likichomoza na kuvuta hewa safi. Vijiji vya wachunga ng'ombe vikageuka miji ya mahoteli. Waingereza nchini India walifanya vivyo hivyo, wakipeleka reli Darjeeling mwaka 1881 na Shimla mwaka 1903, ili maofisa wakimbie joto la mabonde. Wajerumani nao walinufaika na jambo kama hilo hapa hapa Tanganyika. Reli ya Usambara, iliyoanza Tanga mwaka 1893 na kusuasua kwa miaka mingi, ilifika Mombo mwaka 1905. Chini ya milima hiyo mzungu aliyechoshwa na homa ya pwani alishuka, akapandishwa kwenye ubaridi wa Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto. Upande wa mashariki reli nyembamba ya Sigi ilichepuka kutoka Tengeni na kujipinda-pinda kuelekea milima ya Amani, ambako taasisi ya utafiti wa kilimo ilifunguliwa mwaka 1902.

Kusini nako kuna nyanda za juu zenye upepo mwanana. Kuna uwanda wa Rondo na misitu yake, na kuna uwanda wa Makonde, ambako Newala imekaa ukingoni kabisa, bonde la Ruvuma likiwa limetandazwa chini yake. Mandhari ile haina cha kuonea wivu Lushoto. Lakini hakuna aliyepeleka reli huko kwa ajili ya afya ya mtu. Wamisheni wa Kianglikana waliofika Masasi mwaka 1876, wakiongozwa na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, walitembea kwa miguu kutoka Lindi. Wabenediktini waliokwenda Lukuledi, Nyangao na Ndanda baada yao walishika njia hiyo hiyo.

Fikra ya reli ya kusini ilizaliwa Kilwa. Njia ya misafara kutoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa ilikuwa imekanyagwa karne nzima na wafanyabiashara wa pembe na wa watu, na Wajerumani walipotaka kujua reli ipite wapi, waliitazama njia hiyo hiyo. Mtaalamu wao Paul Fuchs alizunguka kusini akipima udongo, mazao na idadi ya watu, na taarifa yake ya uchumi wa reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi ziwani, ilichapishwa mwaka 1905. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno, vikaacha wilaya nzima tupu. Fedha za reli zikaenda katikati ya nchi. Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ya Kilwa ilibaki kwenye makaratasi.

Kukosa reli maana yake ilikuwa vichwa na mabega ya watu. Hakuna mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kama Tendaguru, kilima kidogo kaskazini-magharibi ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu wa Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiwa mstari wa mbele, walichimba hapo mifupa ya dinosaria. Waliochimba hasa walikuwa watu wa kusini, mamia kwa mamia, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, msimamizi ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo liliaminiwa na wataalamu wenyewe. Kila mfupa ulifunikwa, ukaviringishwa, ukafungiwa ndani ya vipande vya mianzi usivunjike. Mzigo wa kawaida ulikaa kichwani mwa mpagazi mmoja. Mifupa mikubwa ilifungwa kwenye miti ikabebwa mabegani na watu kadhaa waliopaswa kwenda hatua moja, kwenye vichaka na mabonde, hadi ufukwe wa Lindi. Zilisafirishwa tani 250 hivi kwa namna hiyo. Mnyama mmoja kati ya hao amesimama leo Berlin, urefu wake ukipita mita 13, na kila mfupa wa asili uliomo ndani yake ulitembea hadi baharini kwa miguu ya mtu wa Lindi. Mtu akiniuliza kwa nini reli ingekuwa neema kwa watu wa kusini, sianzi na tani za korosho. Naanza na wapagazi wale.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwepo njia nyembamba ya matroli kutoka Mingoyo kwenda bara. Matroli yalisukumwa kwa mikono. Ilipunguza mzigo wa kichwani, ikaongeza wa mikononi, kisha ikafa. Mashamba ya mkonge yaliyozunguka hori ya Lindi, Kitunda, Kikwetu na mengineyo, yalikuwa karibu na maji na hayakuihitaji sana.

Kisha zikaja karanga.

Uingereza ilitoka katika Vita ya Pili ikiwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na mafuta vilikuwa vya mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki, na mwaka huo huo ujumbe wa John Wakefield ukaja kutazama ardhi, sehemu kubwa kutoka angani. Ujumbe ukapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, yaani zaidi ya ekari milioni tatu. Zaidi ya nusu yalipangiwa Jimbo la Kusini, maana mvua za huku zilionekana za kuaminika kuliko za Kongwa, katikati ya nchi. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi.

Wakaanza Kongwa, kwa sababu Kongwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Hilo peke yake linatosha kueleza hali ya kusini: ardhi iliyopewa matumaini makubwa zaidi haikuwa na bandari ya kina wala reli, na barabara zake zilikatika kila masika. Ili karanga ya Nachingwea ifike Liverpool ilibidi kwanza kujenga nchi nzima ya kuibeba. Hapo ndipo reli ilipopata uhai wake, na hapo hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipopata ugonjwa wake.

Wakefield na wenzake walitafuta ardhi isiyo na watu. Mashine zilihitaji nafasi. Matrekta yalipaswa kuvuta minyororo mizito ya nanga kati yao na kulaza miombo bila kugusa shamba la mtu. Pori la Nachingwea lilichaguliwa kwa sababu hiyo: watu wake walikuwa wachache na waliishi mbalimbali. Watu wengi wa jimbo walikuwa kwingine, juu ya uwanda wa Makonde, Newala na vijiji vyake, wakilima mihogo na mtama na kushuka mabondeni kuchota maji kwa mwendo wa saa nyingi. Reli ilifuata bonde la Lukuledi, chini ya uwanda, ikauacha umati ule juu ikaenda kwenye miti. Reli za milima ya Uswisi zilitoka mahali penye watu zikaenda mahali watu walipotamani kufika. Hii yetu ilitoka bandarini ikaenda mahali palipochaguliwa kwa sababu hapakuwa na mtu.

Sisemi haya kuwadharau walioijenga. Kazi yenyewe ilikuwa kubwa na ngumu. Bandari ya Lindi ni ya kina kifupi, na meli kubwa hazikuweza kusogea gatini. Zilitia nanga mbali, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakakokotwa kupandisha hori hadi Mkwaya, na hapo makuli wakapakua matrekta, mapipa ya mafuta, saruji, vyuma vya reli na mabehewa yenyewe. Fikiria injini ya garimoshi ikining'inia kutoka meli kwenda tishari, na tishari likingoja maji yajae ili lisikwame kwenye tope la mikoko. Kutoka Mkwaya tuta lilijengwa kwa majembe, karai na mashine chache, upana wa reli ukiwa mita moja kama ule wa Reli ya Kati, likipanda pole pole kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 400 Nachingwea. Vibarua walitoka kila upande: Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, na wengine waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Baada ya muda usiozidi miaka miwili hivi, garimoshi likapita.

Sehemu ya pili ya mpango ilikuwa Mtwara. Ghuba ya Mtwara ina kina ambacho Lindi haina, nayo imekingwa vizuri na upepo. Kijiji cha wavuvi karibu na Mikindani ya kale kikachorewa mji mpya wenye barabara pana kupita kiasi, kama nguo aliyoshonewa mtoto ili aikulie. Ujenzi wa bandari ulianza mwaka 1948 na kwisha 1954, gati likiwa na urefu wa mita 385, linatosha meli mbili kubwa. Njia ya reli kutoka Mtwara ikaungana na ile ya Mkwaya bondeni, na tangu hapo Mtwara ikawa ndiyo mwanzo wa reli. Lindi, mji wa majahazi, wa masultani wadogo na maliwali, wa maduka ya Wahindi na ofisi za jimbo, ukajiona umepitwa. Wazee wa Lindi wana kinyongo na jambo hilo hadi leo, na mimi nawaelewa.

Lakini gati la Mtwara lilipokamilika, karanga zilikuwa zimeshakufa. Januari 1951 serikali ya London, ambayo waziri wake wa chakula hadi 1950, John Strachey, alikuwa ameutetea mradi huo, ilitangaza kuuacha. Pauni milioni 36 hivi zilifutwa kwenye vitabu. Kongwa udongo uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi na kuvunja majembe. Nachingwea ilifanya nafuu kidogo, ila si kiasi cha kulisha reli. Mashamba yaliyobaki yalikabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika mwaka 1955, likaendelea kulima hapa na pale kwa ukubwa wa kibinadamu.

Reli ikabaki na bandari mpya upande mmoja na pori lililofyekwa upande wa pili. Kipindi hiki, kuanzia 1951 hadi 1962, waandishi wa karanga hukiruka. Kwangu ndicho kipindi chake cha heshima, kwa sababu ndipo ilipoanza kuwa reli ya watu wa kusini. Haikuwa na matrekta tena ya kubeba. Ilibeba walichokuwa nacho wenyeji: ufuta, mihogo mikavu, karanga za mashamba madogo, mbao, na zaidi ya vyote korosho. Ilibeba chumvi na samaki wakavu kwenda bara, kanga na mabati kutoka madukani, wanafunzi na wagonjwa, na vibarua wa mkonge waliorudi kwao. Mwaka 1958 njia ilisogezwa hadi Masasi. Huo ulikuwa uamuzi wa akili, maana Masasi ilikuwa na shule, misheni, soko na watu. Reli ilikuwa, hatimaye, imeanza kuwatafuta abiria wake.

Ilichelewa. Shirika la Nairobi lilikubali kuiendesha njia hii kwa sharti kwamba hasara yake ifidiwe na serikali, na hasara haikukosekana mwaka hata mmoja. Hesabu yenyewe si ngumu kuifuata. Reli ina gharama zisizolala: wafanyakazi wa njia hulipwa mvua inyeshe isinyeshe, mataruma huchakaa hata treni isipopita, madaraja na makalvati hukaguliwa baada ya kila masika. Korosho, kwa upande wake, huvunwa kwa msimu, kuanzia miezi ya Oktoba na Novemba hadi mwanzoni mwa mwaka. Miezi hiyo mabehewa yalijaa. Miezi iliyobaki garimoshi lilikuwa na nafasi nyingi na shehena kidogo. Tena korosho nyingi zilikuwa Newala, juu ya uwanda, na gari la mizigo likishapakia gunia Newala halikuona sababu ya kulishusha bondeni na kulipakia upya kwenye behewa. Liliteremka nalo moja kwa moja hadi gatini Mtwara.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Serikali changa ya Tanganyika ilirithi mzigo wa kufidia reli ya kusini pamoja na mizigo mingine yote ya nchi isiyo na shule, hospitali wala wahandisi wa kutosha. Mwaka 1962 reli ikafungwa, na baadaye vyuma vyake vikang'olewa. Masasi ilikuwa na treni kwa miaka minne tu. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu huko tangu 1960 hadi 1968, ni miongoni mwa walioiona ikiwapo na kisha isiwepo.

Wapo wanaosema serikali haikuwa na hiari, na kwa fedha za mwaka ule sina ubishi nao. Ila napinga usemi kwamba reli ilifungwa kwa sababu kusini hakukuwa na mali. Mali ilikuwa njiani inakuja. Mikorosho iliyopandwa na wakulima wadogo katika miaka ya 1950 ilikuwa bado michanga. Msimu wa 1973/74 mavuno ya korosho nchini yalifika tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka mikoa ya Mtwara na Lindi, iliyogawanywa kuwa miwili mwaka 1971. Mkulima mwenye ekari mbili tatu za mikorosho, asiye na trekta wala mkopo wa London, alizalisha kile ambacho mradi wa mamilioni ulishindwa. Wakati huo mzigo ulikuwepo na njia haikuwepo. Magunia yalilala maghalani yakingoja magari, na magari yalingoja masika yaishe.

Nachingwea haikufa pamoja na reli. Barabara za mradi, nyumba na uwanja wa ndege vilibaki, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 eneo hilo likawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Samora Machel aliwafundisha hapo vijana walioikomboa Msumbiji mwaka 1975. Ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya kupeleka mafuta mezani kwa Mwingereza ikatumika kumng'oa Mreno, na wakazi wa Nachingwea walioishi na kambi ile, wakaficha siri zake na kugawana nayo chakula, wana haki ya kulitaja jambo hilo kwa fahari.

Bandari ya Mtwara nayo ilikaa miaka mingi ikipokea meli chache kuliko uwezo wake, kisha gesi, saruji na korosho zikaiamsha. Karibuni imeongezewa gati jipya la mita 300. Mito iliyowafunga watu wa kusini imejengewa madaraja, la Mkapa juu ya Rufiji likifunguliwa mwaka 2003, na basi sasa linatoka Lindi alfajiri na kufika Dar es Salaam mchana.

Na reli inazungumzwa tena. Mpango uliopo ni wa njia ya kiwango cha kisasa, yapata kilomita 1,000, kutoka Mtwara kupitia Masasi, Tunduru na Songea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ni ziwa lile lile ambalo Fuchs aliielekezea reli yake ya Kilwa. Makaa na chuma ni mizigo mikubwa na inatosha kumvutia mwekezaji. Ningependa wachoraji wa njia hiyo, kabla hawajapiga mstari wa mwisho, wapande Newala na Tandahimba msimu wa korosho wahesabu magunia, wateremke Mtama siku ya mnada wa ufuta, na waulize vyama vya ushirika vya huko ni kituo kipi mkulima angeweza kufika na mzigo wake kwa pikipiki na kurudi nyumbani jua halijazama.